Mpira wa kabureta unaovujisha hewa: jinsi ya kuugundua na kuurekebisha kwenye pikipiki ya zamani

Pikipiki ya zamani ikianza kupandisha silensa yenyewe (yaani mwendo wa injini usipogusa resi), mkono wa kwanza huenda kwenye skrubu ya hewa. Inazungushwa robo, inasikilizwa, inarudishwa kidogo, na kwa muda injini inatulia. Kesho yake asubuhi hali ni ile ile. Kabla hujaigusa skrubu hiyo, kagua kwanza mpira ulio kati ya kabureta na silinda hedi. Kama unapitisha hewa, hakuna marekebisho ya kabureta yatakayodumu, kwa sababu hewa unayoipangia kwa skrubu siyo hewa yote inayoingia kwenye injini.

Hapa nazungumzia mpira wa mbele, ule wa upande wa injini. Mpira wa nyuma, unaounganisha kabureta na boksi la chujio la hewa, nao hupasuka, lakini madhara yake ni ya namna nyingine: huingiza vumbi na kuvuruga hewa inayofika kwenye mdomo wa kabureta. Usiichanganye miwili hiyo unapoagiza kipuri.

Kwa nini ufa mdogo unaleta usumbufu mkubwa

Mpira huu umewekwa ili mtikisiko wa injini usifike kwenye kabureta ukafanya petroli itoe povu kwenye bakuli, na ili joto la hedi lisipande hadi huko. Kazi hiyo ndiyo inayoumaliza. Upande mmoja unaokwa na joto, ndani unalowa petroli, nje unapigwa na jua, na uzito wa kabureta unaning'inia juu yake muda wote. Miaka ikipita unakauka, unakakamaa, kisha unapasuka.

Pistoni inaposhuka na vali ya kuingiza ikiwa wazi, inanyonya hewa kupitia kabureta. Kabureta inatoa petroli kulingana na hewa iliyopita kooni mwake. Kwa petroli ya kawaida, uwiano wa kuungua kikamilifu ni takribani sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Hewa inayoingia kupitia ufa wa mpira imeshaipita kabureta, kwa hiyo haina petroli iliyotengewa. Mchanganyiko unazidiwa na hewa.

Injini ikiwa kwenye silensa, mlango wa kabureta, ule unaofunguliwa na resi, umefungwa karibu wote. Nyuma yake mvuto ni mkali sana, na hewa inayopita kihalali ni kidogo. Ufa mwembamba tu unatosha kuingiza hewa ya kushindana na hiyo. Ukifungua resi yote, mambo yanageuka: hewa inayopita kwenye kabureta ni nyingi, mvuto kwenye mpira unapungua, na ile inayopenya pembeni haina uzito wowote. Ndiyo maana pikipiki inaweza kukimbia vizuri barabarani halafu ikakusumbua kila unaposimama kwenye taa.

Dalili, na zile zinazofanana nazo

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni ya resi kuchelewa kushuka. Unapiga resi, unaachia, injini inabaki juu sekunde kadhaa kama vile kuna mtu bado ameshika kishikio, kisha inashuka taratibu, na pengine inapitiliza chini hadi kuzima. Nyingine ni silensa inayopanda na kushuka bila mpango, injini kudai choki muda mrefu ikiwa ya baridi, milio ya kupasuka kwenye eksozi unapoachia resi ukiwa kwenye mteremko, na injini kupata joto kupita kawaida. Ukifungua plagi, ncha yake ni nyeupe badala ya kahawia hafifu. Kwenye injini ya silinda nyingi utaona plagi moja nyeupe na nyingine ziko sawa, na hapo umeshajua uanzie mpira upi.

Usiupuuze mchanganyiko wenye hewa nyingi kwa kuwa tu pikipiki bado inatembea. Joto la ziada linaweza kuharibu vali, na kwa injini zinazochanganya oili na petroli linaweza kuikwaruza pistoni au kuitoboa kabisa.

Lakini kabla ya kuulaumu mpira, ondoa visababishi viwili rahisi. Cha kwanza ni kebo ya resi. Washa injini, iache kwenye silensa, zungusha usukani hadi mwisho kushoto kisha kulia. Muungurumo ukibadilika, kebo imebana au imepitishwa vibaya. Kishikio kinapaswa kuwa na mchezo wa milimita chache kabla ya kuanza kuvuta. Cha pili ni choki isiyorudi hadi mwisho. Yote mawili hutoa silensa ya juu, na hukaguliwa kwa dakika chache bila kufungua chochote.

Kupima kwa dawa ya kupulizia

Anza na maji. Wengi hukimbilia kisafishio cha kabureta cha kopo kwa sababu kinaonyesha haraka, lakini kinawaka moto, na unakipulizia karibu na injini ya moto yenye eksozi inayoweza kukiwasha. Chupa ya kupulizia yenye maji hugundua sehemu kubwa ya uvujaji bila hatari hiyo.

Pasha injini moto hadi ikae kwenye silensa bila choki. Puliza maji kidogo kidogo, mahali pamoja pamoja, na ngoja baada ya kila pulizo. Anza pale mpira unapokutana na hedi, zunguka juu, pembeni, na hasa chini ambako macho hayafiki. Nenda kwenye mwili wa mpira, kisha kwenye mdomo unaoshika kabureta, chini ya klampu. Maji yakiziba ufa kwa muda mfupi au yakivutwa ndani, muungurumo utabadilika: utashuka, utakwama, au utatulia ghafla. Rudia pale pale. Badiliko lililotokea mara moja tu halina maana, maana silensa ya injini mbovu hucheza yenyewe.

Kama maji hayajaonyesha kitu na bado unashuku, ndipo utumie kisafishio cha kabureta. Fanyia nje, au mahali penye upepo unaopita, kizima moto kiwe karibu, vaa miwani, tumia ule mrija mwembamba wa kopo, na upulize nusu sekunde tu. Ufa ukiivuta dawa hiyo, injini inapata mafuta iliyokuwa imeyakosa na mara nyingi resi inapanda. Wakati mwingine inashuka. Unachotafuta ni badiliko lolote linalojirudia. Angalia dawa isipeperuke hadi kwenye mdomo wa boksi la hewa: ikiingia huko, injini itabadilika sauti hata kama mpira ni mzima kabisa, na utatumia fedha bure kwenye kipuri usichokihitaji.

Ukiwa na chupa mkononi, pulizia pia sehemu nyingine zinazoweza kuingiza hewa upande huo huo wa injini: vifuniko vidogo vya mpira vinavyoziba vijibomba vya kupimia mvuto, bomba jembamba linalokwenda kwenye koki ya mafuta kama koki yako ni ya kuvutwa na mvuto wa injini, na ncha mbili za ekseli inayobeba mlango wa kabureta. Kifuniko kimoja kidogo kilichopasuka kinatoa dalili zote nilizozitaja, na kukibadilisha hakuhitaji hata kutoa kabureta.

Pikipiki yako ina mpira wa aina gani?

Kuna miundo mitatu utakayokutana nayo zaidi.

Wa kwanza ni mpira ulioshikamana na bamba la chuma, unaofungwa kwenye hedi kwa skrubu au bolti mbili, na kati ya bamba na hedi kuna oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba. Suzuki za mfululizo wa GS za mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 ni mfano mzuri, na Wajapani wengine walitengeneza vivyo hivyo. Hapa uvujaji mara nyingi hauko kwenye mpira unaouona bali kwenye oringi usiyoiona. Nimeona watu wakiufunika mpira mzima kwa utepe na gundi huku tatizo liko nyuma ya bamba.

Wa pili ni mpira mtupu kama kipande cha bomba, unaovikwa pande zote mbili na kukazwa kwa klampu. Honda CB750 ya mwanzo, ile iliyotoka 1969, imejengwa hivyo. Huu hauna oringi. Ukikauka, klampu haiwezi tena kuubana ukakaa sawasawa kwenye chuma.

Wa tatu hauna mpira mkubwa kabisa. Ni kipande kigumu cha kuzuia joto, kama kwenye pikipiki ndogo za silinda moja mfano wa Honda CG125, kikiwa na oringi au gasketi upande mmoja au yote. Hapa ubovu ni oringi iliyokufa au uso wa kabureta uliopinda kwa sababu mtu alikaza nati kwa nguvu kupita kiasi.

Kutoa kabureta

Injini ipoe kabisa. Funga koki, toa bomba la mafuta, fungua skrubu ya chini ya bakuli na umwage petroli kwenye chombo. Toa tangi kama linakuzuia. Piga picha za kila bomba na kebo kabla ya kuzigusa, hasa kwenye injini ya silinda nne ambako mabomba ya kupumulia yanafanana yote.

Legeza klampu za mpira wa mbele na wa nyuma, kisha zisukume pembeni. Mipira ya nyuma isukume ndani ya boksi la hewa kadiri inavyokwenda ili upate nafasi. Sasa ivute kabureta nyuma huku ukiitikisa juu na chini. Mpira uliokakamaa hautaiachia kirahisi. Upashe kwa draya ya nywele dakika chache, na uuzungushie maji ya sabuni kwenye ukingo. Usichomeke bisibisi kati ya kabureta na mpira ukatumia mwili wa kabureta kama egemeo. Aluminiamu hiyo ni laini, na alama utakayoiacha kwenye ukingo itakuwa uvujaji mpya.

Kabureta ikitoka, ziba matundu ya hedi kwa kitambaa safi kisichochambuka, papo hapo. Nati ndogo ikidondokea ndani ya tundu na vali ikiwa wazi, kazi ya nusu siku inageuka kuwa ya kufungua injini.

Skrubu za hedi, ambazo ndizo kazi yenyewe

Kama mpira wako ni wa aina ya bamba, hapa ndipo uvumilivu unahitajika. Skrubu zimekaa kwenye aluminiamu kwa miaka, zimepata joto na kupoa mara nyingi, na zimeshikana na hedi. Nyingi za Kijapani zina kichwa cha msalaba ambacho si sawa na msalaba wa kawaida wa bisibisi za madukani. Ukitazama kwa karibu, mara nyingi utaona kidoti kimoja kilichochimbwa juu ya kichwa. Bisibisi ya kawaida ya msalaba haiingii hadi chini, inapanda na kukwangua kichwa mara tu ukiweka nguvu. Tafuta ncha ya kiwango cha Kijapani, au angalau bisibisi ya kugonga yenye ncha inayojaa vizuri.

Usiku wa kuamkia kazi, weka mafuta ya kupenyeza kwenye kila skrubu. Asubuhi kwangua uchafu ndani ya msalaba kwa sindano hadi uone chuma, kwa sababu ncha ikikaa juu ya tope haitashika. Weka bisibisi wima, igonge kwa nyundo mara kadhaa bila kuzungusha, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ile nyendo ndogo ya kukaza mara nyingi ndiyo inayovunja kutu. Ikigoma, pasha aluminiamu inayoizunguka kwa mashine ya hewa ya moto, siyo kwa mwali wa moto, na kumbuka kwanza kuondoa petroli na mivuke yake yote eneo hilo.

Kichwa kikishaharibika, acha kulazimisha. Toboa kichwa chenyewe kwa keekee yenye upana unaozidi kidogo wa shina, 6.5 mm kwa skrubu ya M6 (yenye shina la 6 mm), hadi kichwa kidondoke. Bamba litatoka, na shina lililobaki halina tena mkazo. Mara nyingi linazunguka kwa koleo ya kubana bila ubishi.

Wakati wa kurudisha, usizitumie tena skrubu hizo. Weka bolti za M6 zenye kichwa cha alenki, za urefu ule ule wa zile ulizozitoa. Ndefu zaidi zitagota mwisho wa tundu kabla hazijabana bamba, na utadhani umekaza kumbe hapana.

Kabla ya kuiondoa mipira yote, iwekee alama. Kwenye injini ya silinda nne, ya pembeni na ya katikati mara nyingi haielekei sawa, na mmoja wao huwa na kijibomba cha mvuto kinachokwenda kwenye koki.

Oringi

Toa oringi kwa kijiti au kwa ncha ya plastiki, usiuchimbe mfereji kwa chuma. Ile nzima ni duara ukiikata na inajitokeza juu ya bamba, ukiibonyeza inarudi. Ile iliyokufa imekuwa bapa, sawasawa na chuma au chini yake, ukiivuta inakatika vipande kama plastiki ya zamani. Ukikuta hivyo, umeshampata mkosaji, hata kama mpira wenyewe ni laini na hauna ufa wowote.

Kama hupati oringi yenye namba ya pikipiki yako, pima mfereji: kipenyo chake na kina chake. Oringi inayokaa isiyosogea inahitaji kubanwa kwa takribani asilimia 15 hadi 30 ya unene wake. Mfereji wa kina cha 2.4 mm ukiwekewa oringi ya unene wa 3 mm unapata mbano wa asilimia 20, na hiyo ni nzuri. Ya unene wa 2.5 mm inabanwa asilimia 4 tu, na hiyo haitoshi.

Aina ya mpira wa oringi ni muhimu kama ukubwa wake. Ile nyeusi ya kawaida ya nitrili inavumilia petroli, lakini joto la hedi huikausha mapema. Chagua ya fluoroelastoma, inayojulikana zaidi kwa jina la kibiashara Viton, inayostahimili petroli na joto la hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Ya silikoni, ile nyekundu au ya chungwa, usiiweke. Joto inaliweza, petroli inaivimbisha. Kwa sababu hiyo hiyo, usipake silikoni ya kuziba gasketi mahali hapa. Inavimba, inabanduka, na kipande chake kinaweza kunyonywa ndani ya injini.

Kununua mpya au kutibu wa zamani?

Ukaguzi wa mpira uliotoka ni wa mikono na macho. Ukunje kwa vidole huku ukiugeuza kwenye mwanga mkali. Nyufa ndogondogo za juu juu zisizopenya si kosa peke yake. Ingiza tochi ndani ukiwa gizani: nukta yoyote ya mwanga inayotokea nje ni tundu. Angalia hasa pale mpira ulipogandishwa kwenye bamba la chuma, maana huwa unabanduka upande mmoja bila kuonyesha ufa. Bonyeza kwa ukucha. Alama ikibaki au mpira ukikataa kabisa kubonyea, umri wake umekwisha.

Mpira uliopenywa au kubanduka ninaubadilisha, sina mjadala. Wa kuigiza wa bei nafuu unaweza kukufaa, ila ukague kabla ya kuufunga: tundu la ndani lilingane na la hedi bila ngazi, mfereji wa oringi uwepo na uwe na kina, na bamba liwe limenyooka. Baadhi huja na mabaki ya mpira kwenye ukingo, yakate kwa wembe.

Kuna dawa ya kulainisha mipira iliyokakamaa ambayo watu wa pikipiki za zamani huitumia: mafuta ya wintagrini yaliyochanganywa na zailini (kimiminika cha kuyeyushia rangi), sehemu 1 kwa 2 au 3, mpira ukilowekwa ndani ya chombo kilichofunikwa hadi ulainike. Inafanya kazi kwa ugumu, na inarahisisha kuvika mpira wa aina ya bomba. Ufa haiuzibi. Zailini inawaka na mivuke yake inadhuru, wintagrini ni sumu ikimezwa, kwa hiyo fanyia nje, vaa glavu, weka mbali na watoto, na usiipashe moto hata kidogo.

Kipuri kikiwa hakipatikani na ufa uko nje ya mwili wa mpira, kiraka kinaweza kukupa muda. Safisha kwa asetoni kidogo, uache ukauke, kwaruza kwa msasa wa namba 120 hadi mng'ao upotee, kisha paka gundi nyeusi ya poliurethani, ile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Iingize ndani ya ufa huku mpira umekunjwa ili ufa ufunguke, uuachie, kisha paka tabaka jembamba juu. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mrija wake, na siku nzima ni bora kuliko saa chache. Upande wa ndani usipake kitu. Petroli itakitafuna, na kinachobanduka ndani kinakwenda kwenye vali.

Kufunga upya

Safisha uso wa hedi hadi chuma kionekane, kwa kikwangulio cha plastiki. Lilaze bamba kwenye kioo kilichonyooka. Likicheza, limepinda. Tandika msasa wa 400 juu ya kioo, ukiwa umelowa, na ulisugue bamba kwa mzunguko wa namba nane hadi alama za msasa zienee kotekote. Usisugue sana, maana unapunguza kina cha mfereji. Osha kila kitu.

Ipake oringi grisi ya silikoni kidogo sana ili isitoke mferejini wakati unafunga. Rudisha mpira kwa alama zako, mshale au neno la Kiingereza la juu likielekea juu kama lipo. Ingiza bolti zote mbili kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Kwa M6 kwenye aluminiamu, 8 hadi 10 Nm (nyutoni mita, kipimo cha mkazo) zinatosha kama kitabu cha pikipiki yako hakisemi vingine. Mtu anayekaza hadi mkono utetemeke ndiye anayepinda bamba na kung'oa nyuzi za hedi.

Kuivika kabureta ni rahisi mipira ikiwa ya moto. Ile ya aina ya bomba itumbukize kwenye maji ya moto dakika chache, ikaushe vizuri. Iliyofungwa kwenye hedi ipashe kwa draya. Paka maji ya sabuni kwenye ukingo wa ndani, si grisi ya kawaida. Panga kabureta mbele ya midomo yote, sukuma kwa mikono miwili ukitikisa, hadi usikie zimeingia moja baada ya nyingine. Pitisha kidole kuzunguka kila mdomo, hasa chini. Mpira uliokunjika kwa ndani hauonekani kwa juu, na klampu itaukaza hivyo hivyo ulivyokunjika.

Klampu zikae kwenye mfereji wake, si ukingoni. Nyingi za kiwandani zina kibomba kidogo kati ya masikio mawili kinachozuia kukaza zaidi ya kiasi. Masikio yakikigusa, acha. Kama yamekigusa na bado kabureta inazunguka, mpira umechoka au klampu si yake.

Baada ya kufunga

Rudisha mafuta, angalia hakuna mvujo wa petroli, washa. Usishangae injini ikizima: mtu aliyekutangulia huenda aliishusha skrubu ya silensa au alibadili mengine ili kuficha hewa iliyokuwa ikiingia, na sasa marekebisho hayo yamepotea maana. Rudia kupulizia maji sehemu zote. Kusipokuwa na badiliko, ndipo ugeukie skrubu za kabureta.

Ukiwa hapo, jua skrubu yako iko upande gani. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, ukiikaza mchanganyiko unapata mafuta zaidi. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, na ni kuilegeza ndiko kunakoongeza. Ikaze taratibu hadi igote, kwa vidole tu, kisha irudishe mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya 1.5 na 2.5. Irekebishe injini ikiwa ya moto hadi silensa ifike juu na kutulia, halafu ishushe silensa kwenye kipimo chake. Chunguza kama sindano ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta) imepandishwa notchi, au jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, zimebadilishwa kuwa kubwa. Zirudishe za kiwandani, la sivyo sasa injini itameza mafuta kupita kiasi na plagi zitakuwa nyeusi kwa masizi.

Kwenye injini ya kabureta mbili au nne, zilinganishe kwa vipimo vya mvuto. Usizilinganishe kabla ya kuziba hewa, kwa sababu silinda inayovujisha inaidanganya geji.

Tembea nayo hadi injini ipate moto wa kweli, ipoe, kisha kagua mkazo wa klampu na bolti tena. Baada ya safari kadhaa fungua plagi: kahawia hafifu ni sawa. Ikibaki nyeupe na maji hayaonyeshi kitu kwenye mpira, rudi kwenye ncha za ekseli ya mlango wa kabureta, ambako mihuri huchakaa, angalia pia nafasi za vali kama zimebana, na kwa injini zinazochanganya oili na petroli, pima mihuri ya krankshafti. Hiyo ya mwisho huingiza hewa kutoka chini kabisa na hakuna kiraka cha mpira kitakachoigusa.